Kiwango cha Kupangia Kisiguswe Katikati ya Mashindano: Kwa Wanaoanza Kusimamia Sataranji

Mashindano ya klabu yetu hapa Dodoma huchezwa raundi moja kila Jumamosi kwa wiki saba, kwa kuwa wachezaji wengi ni watumishi wa umma na wanafunzi wa vyuo, ambao hawana nafasi ya kushinda ukumbini siku mbili mfululizo. Urefu huo ndio unaozaa swali ambalo wasimamizi wapya huniuliza mapema kabisa: viwango vya wachezaji vikibadilika wakati mashindano yanaendelea, wapinzani wapangwe kwa kiwango kipi? Pangeni kwa kiwango kilichokuwapo siku ya raundi ya kwanza, na msikiguse hadi raundi ya mwisho iishe, isipokuwa kama kiliandikwa kimakosa.

Tenganisheni kwanza pointi na kiwango. Pointi ni zile anazovuna mchezaji katika mashindano haya: moja kwa ushindi, nusu kwa sare. Kiwango ni namba inayokadiria uwezo wake kutokana na michezo iliyopita, kwa hesabu iliyobuniwa na Arpad Elo na kupokewa na FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, mwaka 1970. Katika mfumo wa Uswisi, pointi huwaweka wachezaji katika kundi moja, kisha kiwango huwapanga kwa safu ndani ya kundi hilo, na nusu ya juu hukutanishwa na nusu ya chini.

Chukueni kundi la wachezaji wanne wenye pointi mbili baada ya raundi mbili, wenye viwango vya 1720, 1655, 1610 na 1590. Ikiwa hawajakutana bado na rangi za vipande zinaruhusu, wa 1720 atacheza na wa 1610, na wa 1655 atacheza na wa 1590. Sasa tuseme huyu wa 1610 ni mwanafunzi ambaye kipimo chake cha mabadiliko, yaani alama nyingi zaidi ambazo kiwango chake kinaweza kupanda au kushuka kwa mchezo mmoja, ni 40, na amewashinda wapinzani wawili waliomzidi alama 190 kila mmoja. Kila ushindi unampa alama 30, hivyo mkikokotoa upya atasomeka 1670. Atapanda hadi nafasi ya pili, na meza zote mbili zitavurugika: wa 1720 atapewa wa 1655, naye mwanafunzi atapewa wa 1590. Ushindi wake ulikwisha kuhesabiwa kwenye pointi, ndizo zilizomfikisha katika kundi hilo. Kuuingiza tena kwenye kiwango ni kuuhesabu mara mbili.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kulifanya kosa hilo. Nilitangaza wapinzani wa raundi ya tatu siku ya Jumatatu, kisha Alhamisi nikaingiza viwango vipya kwa nia njema na kuiamuru programu ipange tena. Kijana mmoja alikuwa ametumia siku tatu kujiandaa dhidi ya mtu ambaye hakukaa naye mezani. Malalamiko yake yalikuwa ya haki, na sikuwa na kanuni yoyote iliyoandikwa ya kumwonyesha.

Kwa hiyo andikeni kanuni hiyo kabla ya raundi ya kwanza, mkitaja tarehe ya orodha mliyoitumia. FIDE hutoa orodha mpya tarehe mosi ya kila mwezi, na mashindano ya wiki saba lazima yavuke tarehe hiyo. Atakayeona namba yake imepanda atakuja kuuliza, naye anastahili jibu lililoandikwa.

Kosa la uandishi ni jambo jingine. Mchezaji aliyepewa kiwango cha mtu mwenye jina linalofanana na lake asahihishiwe mara linapogunduliwa. Hata hivyo, kanuni za FIDE zinaruhusu namba za kupangia, yaani nafasi za wachezaji katika orodha ya kuanzia, zibadilishwe katika raundi tatu za mwanzo tu. Raundi ya nne ikishapangwa, namba hizo hubaki kama zilivyo. Mgeni asiye na kiwango kabisa mwekeeni makadirio baada ya kumhoji, na makadirio hayo nayo yasibadilike hata akiwashangaza wote.

Viporo vinahitaji uangalifu wa pekee, hasa wakati wa Bunge la Bajeti, baadhi ya wachezaji wetu wanapobanwa kazini hadi usiku. Kiporo kichezwe kabla raundi inayofuata haijapangwa. Kiwango kikiwa kimefungwa, matokeo yake yatagusa pointi peke yake, na msimamizi atayaingiza bila kurudia hesabu nyingine.

Raundi ya saba ikiisha, ndipo mkokotoe viwango vipya vya klabu. Sisi tunafuata vipimo vya mabadiliko vya FIDE: 40 kwa mgeni hadi atimize michezo 30, 20 kwa walio chini ya 2400, na 10 kwa aliyewahi kufika hapo; vijana hubaki na 40 hadi mwisho wa mwaka wanaotimiza miaka 18, maadamu wako chini ya 2300. Kila mchezo upimwe kwa viwango vya mwanzo vya wachezaji wote wawili, kisha mjumlishe. Mkisasisha mchezo baada ya mchezo, jibu litategemea karatasi ipi ilitangulia kusomwa.

Katika daftari langu kiwango cha kupangia kina safu yake, iliyoandikwa kwa wino na kubandikwa ukutani tangu Jumamosi ya kwanza. Safu ya kiwango kipya iko kando yake, na huwa tupu kwa wiki zote saba.