Waya Mmoja Ukisoma Baridi, Msiikatae Nguzo

Mhandisi kijana aliyeko saiti Ihumwa kaniandikia: waya mmoja wa kupima joto kwenye nguzo yake ya msingi, yaani zege lililomwagwa kwenye shimo refu ardhini, unasoma baridi kuliko wenzake, na mshauri mwelekezi ameshaanza kusema nguzo ikataliwe. Mdogo wangu, mwombe asubiri.

Yalinikuta hayohayo hapahapa Dodoma, kwenye ghorofa ambalo sitalitaja. Tulifunga nyaya nne za kupima joto kuizunguka keji ya nondo (kizimba cha chuma kinachokaa ndani ya zege), zenye vihisi kila takriban sentimita 30. Vijana wakanibatiza "Daktari wa Malaria", nikacheka nao. Aliyeniudhi ni bosi mmoja aliyesema mbele ya mafundi kwamba zege halipimwi homa. Linapimwa! Saruji ikikutana na maji hutoa joto. Penye zege jingi joto hupanda, na palipoingia udongo hushuka. Mara nyingi kati ya saa 12 na 48 tangu kumwaga umeshapata picha. Tena joto hukuonyesha mpaka zege lililo nje ya nondo, ambalo kipimo cha mawimbi ya sauti, kinachopita kati ya mabomba yaliyofungwa ndani ya keji, hakilifikii.

Basi, kwenye kina cha mita 7 waya wa kaskazini ukasoma baridi. Bosi akaihukumu nguzo palepale. Mimi nikatazama waya wa kusini, kina kilekile: umepanda karibu kwa kiasi hichohicho. Wastani wa nyaya nne haukutikisika. Zege lilikuwa limejaa, ila keji ndiyo imesogea kaskazini ikakaribia udongo, na waya wa kusini ukavutwa kuelekea katikati penye joto. Ujazo wa zege kwenye rekodi za malori nao ukakubali. Tukakokotoa zege linalofunika nondo upande ule, likatosha. Leo nguzo ile imebeba ghorofa, na mimi hata pole ya mdomo sikupewa.

Kwa hiyo vijana, someni wastani kwanza, waya mmoja mmoja baadaye. Wastani ukishuka, hapo ogopeni. Juu kabisa na chini kabisa nguzo hupoa yenyewe kwa sababu joto lina njia nyingine ya kutokea, msishtuke. Wekeni biskuti (vile vipande vya kutenganisha nondo na ukuta wa shimo) za kutosha ili keji ikae katikati, na wakati wa kuishusha simameni pale wenyewe. Waya ukikatika humo ndani hakuna wa kuuunga. Na anayepiga kelele bila kufungua grafu, mwacheni apige.

Wewe wa Ihumwa, nitumie vipimo vya nyaya zote, kipenyo cha keji na rekodi ya umwagaji.