Hereni zimeungua, nyumba inanuka plastiki: maswali yenu kuhusu udongo wa polima

Niligusia tu mara moja habari ya udongo wa polima, ule wa rangi unaotengenezewa hereni na vimaua, na meseji zikamiminika. Nimechagua chache. Zinazofanana nimezijibu pamoja, msininunie.

Anti shikamoo. Mimi ni mdada wa Tabata, nimeolewa juzijuzi tu. Nimeona wenzangu Instagram wanatengeneza hereni za udongo nikapenda, kaka yangu akaniletea paketi sita kutoka Dubai. Nimekaa siku nzima natengeneza vimaua, nikavitia kwenye oveni nusu saa kama paketi ilivyosema, kuvitoa vyeupe vimekuwa rangi ya maandazi na vingine vimeungua kabisa, nyumba nzima inanuka plastiki na mama mkwe kakaa sebuleni. Nimekosea wapi, na je niache tu au kuna vifaa nilitakiwa kununua?

Marahaba mwanangu, na mama mkwe mpe pole yangu. Wala hujakosea mikono, umekosea moto, na karibu kila barua niliyopata ukiichimba chini utakuta ni moto tu.

Kwanza elewa umeshika nini. Huu unaitwa udongo lakini hauna undugu na ule wa mfinyanzi, ni PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, imesagwa unga laini ikachanganywa na kilainishi na rangi ndo maana inafinyangika. Ukiuacha mezani wiki nzima haukauki, unakungoja tu. Kinachoufanya uwe mgumu ni joto, zile chembe za plastiki zinavimba zinashikana na kuwa kitu kimoja, sasa joto likiwa dogo kitu kinatoka kizuri kwa macho lakini kesho kinavunjika kama biskuti, na likizidi kinaungua na kutoa hewa kali yenye asidi inayochoma macho na koo. Siku nyingine ukisikia harufu ile zima oveni, fungua madirisha, toeni watu nje kwanza, vimaua baadaye.

Halafu kila aina ina joto lake. Fimo ya Mjerumani inataka nyuzi 110 kwa nusu saa, Premo ya Mmarekani inataka 130 kwa nusu saa kwa kila milimita 6 za unene. Soma paketi yako, usichukue ya jirani.

Najua utaniambia Anti mimi niliweka hiyohiyo ya kwenye paketi. Ndiyo, kwenye kitufe uliweka. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilitengeneza waridi jeupe, petali moja moja, jumla petali kumi na saba nakumbuka mpaka leo, nikaweka kitufe 130 nikaenda kuosha vyombo, kurudi waridi limekuwa kama limechovywa chai. Nikanunua kipimajoto kile cha kuning'iniza ndani ya oveni, kitufe kinasema 130, kipimajoto kinasema 165. Oveni ndogo za mezani ndo zinaongoza kwa uongo, ile waya ya moto iko karibu, inawaka inazima inawaka inazima, na kila ikiwaka inapiga kilichoko juu. Kwa hiyo ukiniuliza shilingi ya kwanza iende wapi, iende kwenye kipimajoto, kabla hata ya paketi ya saba.

Fanya hivi. Washa oveni tupu na kipimajoto ndani, subiri kama robo saa mshale utulie, rekebisha kitufe mpaka joto la ndani liwe lile la kwenye paketi, hata kama kitufe kinaonyesha namba ya ajabu. Vitu vyako viweke juu ya karatasi iliyotandikwa kwenye kipande cha taizi (kigae cha sakafuni), viwe katikati ya oveni, vifunike na foili kama kawa ili ule moto wa juu usivipige moja kwa moja. Vikiiva usivijaribu vikiwa vya moto maana bado vinakuwa laini, utadhani havijaiva ukavirudisha, na hapo ndo watu wanaunguza mara ya pili. Acha vipoe. Petali nyembamba iliyoiva sawasawa ukiikunja kidogo inarudi, ambayo haijaiva inakatika kwa sauti.

Kuhusu vifaa, usinunue lile boksi la vifaa arobaini, mwenzio ninalo na natumia vitatu. Unahitaji wembe mpya, chupa ya glasi iliyonyooka ya kusukumia, vijiti vya meno, msasa laini na hilo taizi. Mti wa chapati nao unafaa lakini ukishautumia hapa usirudi kwenye chapati, hiyo ni kanuni yangu kwa kila chombo. Na oveni kama ndo hiyohiyo ya keki, usioke pamoja na chakula, na ukimaliza ifute vizuri.

Paketi sita zinakutosha sana, moja ina gramu 57 na hereni ndogo moja inakula gramu 3 au 4. Ukitaka kuongeza rangi nunua nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na bluu, zilizobaki unachanganya mwenyewe.

Anti habari za kazi. Niko Mwanza, sina oveni, nina jiko la gesi la plati mbili na la mkaa. Je naweza kuoka kwenye sufuria lenye mchanga kama tunavyooka keki? Rafiki yangu yeye anasema nichemshe tu kwenye maji.

Kaka yangu, keki inakusamehe, hii haikusamehei. Mchanga wa chini ya sufuria unapanda joto hata 200 bila wewe kujua, huku juu kwenye mfuniko bado kuna vuguvugu, yaani ua lako linaungua kisogoni na kubaki bichi usoni. Na mkaa haupunguzwi kwa kitufe, unapunguzwa kwa kuomba Mungu.

Hilo la kuchemsha wapo wanaolifanya, lakini hebu piga hesabu ya hapo ulipo. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na Mwanza imekaa hapohapo, kwa urefu huo maji yanachemka kwenye nyuzi kama 96 tu, hayafiki hata 100 ya Dar. Sasa udongo unataka 110, wewe una 96, chemsha mpaka gesi iishe.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na udongo wa konfulawa na gundi, unafanana kwa macho, unakauka kwa hewa na hela yake ni ndogo. Chukua kikombe kimoja cha konfulawa (ile nyeupe laini ya kufanya supu iwe nzito, sio ya ugali tafadhali, kuna mtu alijaribu akapata ugali), kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya mbao, vijiko viwili vya mafuta ya mtoto, kijiko kimoja cha siki au ndimu. Koroga kwenye sufuria ambalo huna mpango nalo tena, moto mdogo kabisa, usiache mwiko. Mwanzo inakuwa kama uji, halafu inakuwa na mabonge na utaogopa, endelea, mwisho inajikusanya yenyewe na kuachana na sufuria kama ugali unaoiva. Ipue, paka mafuta mikononi, ikande ingali ya moto kadiri unavyovumilia mpaka iwe nyororo, ifunge kwenye nailoni ilale mpaka kesho yake.

Ina kasoro mbili. Inasinyaa ikikauka kwa hiyo kitu kitengeneze kikubwa kidogo kuliko unavyotaka, na maji ni adui yake, ikishakauka vizuri ipake vanishi. Hereni ya kuogea hapana.

Bi dada salama? Mie niko Mombasa, Kisauni. Udongo wangu wanata kama halua, kila nikigusa waacha alama ya kidole, na ule mweupe umejaa vumbi na vinyuzi vya nguo.

Salama dada. Joto la huko na kilainishi ndani ya udongo ndo yanakuletea halua. Usukume uwe kama chapati, uweke katikati ya karatasi mbili nyeupe za kawaida, weka kitabu kizito juu uuache saa kadhaa. Karatasi itanyonya mafuta, utaiona imekuwa kama iliyofungiwa sambusa. Usiache usiku kucha mara ya kwanza, ukizidisha unakuwa unamomonyoka na hapo utaniandikia barua nyingine. Wakati wa kazi ukiona unalainika tupia kwenye friji dakika kumi.

Vumbi halina dawa zaidi ya usafi. Fanya nyeupe kwanza kabla ya nyekundu na nyeusi, futa mikono kwa waipsi kila ukibadilisha rangi, na usivae sweta wala kanga mpya inayochuja. Vinyuzi vilivyokwisha shika vifute kwa pamba yenye spiriti kidogo kabla ya kuoka. Alama za kidole vilevile, au ngoja uoke kisha upige msasa kwa maji, anza namba 400, panda 600, malizia 1000.

Na usiuweke dirishani wala ndani ya gari. Jua la Mombasa linaanza kuuiva kabla yako. Tena usiuhifadhi kwenye boksi la plastiki ngumu inayong'aa, kile kilainishi kinaila ile plastiki vikagandana, uzungushie nailoni laini tu.

Nimepaka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya hereni ili zing'ae, wiki ya pili zinanata. Kwa nini? (Dodoma)

Kwa sababu dawa iliyomo kwenye rangi ya kucha inaila ile plastiki polepole. Zilizonata hazina tiba ya maana. Nunua vanishi ya maji.

Naweza kutengeneza kikombe cha kahawa? (Arusha)

Hapana. Wala kijiko, sahani au kisosi cha sigara. Urembo tu.

Anti mimi nishaanza, mambo ya kuoka nimeyaweza, sasa nataka hereni zenye ua la kanga, ile korosho. Kuchora kwa brashi nimeshindwa. (Tanga)

Wewe ndo umenifurahisha. Usichore kabisa, jenga. Unatengeneza gogo ambalo picha imepita ndani kutoka mwanzo hadi mwisho, halafu unakata vipande kama tango na kila kipande kina picha ileile. Waitaliano wa Venice walifanya hivyohivyo kwa vioo, wakaita millefiori, maua elfu.

Sukuma gogo la nyekundu nene kama kidole gumba, urefu wa kidole. Libane upande mmoja kwa urefu wote mpaka ukilitazama mwishoni unaona tone la maji. Lizungushie chapati nyembamba nyeupe, kisha nyeusi, uhakikishe haijapandana pale inapokutana. Sasa kile kincha cha tone kikunje kidogo kwa urefu wote, korosho hiyo imekaa. Pale palipojikunja pamebaki shimo, lijaze na kijiti cha rangi ya mji wa kanga yako, njano tuseme, kisha zungusha njano nje kote mpaka gogo liwe duara. Usipojaza lile shimo korosho itabanwa, itanyooka iwe pilipili.

Halafu libane. Anzia katikati, zungusha huku ukibana, nenda kushoto, rudi katikati, nenda kulia, usilisukume mezani kama chapati kwanza maana nje inakimbia ndani inabaki. Litarefuka na picha itapungua humo ndani bila kuharibika. Likifika unene unaoutaka liweke kwenye friji nusu saa, kata kwa wembe mpya, na kila ukikata geuza gogo robo mzunguko lisije likalala upande mmoja.

Vipande vya mwanzo na mwisho vitakuwa vimepinda, korosho imeteguka, usivitupe, vikande pamoja viwe kiini cha shanga, na vile vizuri uvibandike juu. Picha nazingoja.