Maswali ya Gereji: Kabla hujakata paa la Ford

Barua tulizochagua safari hii zinahusu hotirodi za jadi: Ford za mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, zilizokatwa paa (yaani nguzo zimefupishwa ili paa likae chini zaidi), kushushwa chini na kuwekewa injini yenye nguvu zaidi, kwa mtindo wa Marekani wa miaka ya 1940 na 1950.

Mafundi, salaam. Nimenunua Ford Model A kupe (yenye milango miwili) ya 1930. Bodi ni nzuri, kutu iko kidogo tu chini ya milango. Nataka kupunguza paa inchi 4 mwenyewe nyumbani. Nina mashine ya kuchomelea ya MIG, inayolisha waya yenyewe, na grainda. Nianzie wapi?
*Msomaji, Columbus, Ohio*

Ndugu msomaji, anzia chini kabisa, kwenye chesisi. Paa haliguswi mpaka bodi imekaa kwenye chesisi ile ile itakayotembea nayo, boliti zote za bodi zimekazwa, na milango inafunga kwa kidole. Bodi iliyowekwa sakafuni au juu ya meza hupinda bila wewe kuona. Ukiikata ikiwa katika hali hiyo, unachomelea mpindo nao unabaki humo milele.

Weka chesisi juu ya stendi nne na uisawazishe kwa pimamaji, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Funga bodi, kisha ongeza au punguza shimu (vibati vyembamba vya kuinulia) chini ya kila boliti ya bodi mpaka mwanya wa milango uwe sawa kuzunguka pande zote. Milimita 4 hadi 5 inatosha kwa gari la umri huo. Bodi ya Model A ina mbao ndani, hasa sehemu ya juu, na katikati ya paa si bati bali ni mbao, wavu, pamba na kitambaa kisichopitisha maji. Vitoe vyote kabla ya cheche ya kwanza. Mbao ya miaka 90 na zaidi ikishika moto ndani ya nguzo, hutaona moshi mpaka umechelewa.

Sasa weka mihimili ya ndani. Tumia skwea paipu ya milimita 25. Kila nguzo itakatwa kwenye mistari miwili, wa juu na wa chini, na kipande cha kati kitatolewa. Seti ya kwanza iwe chini ya mstari wa chini wa kukata: mhimili mmoja kutoka nguzo ya mbele ya kushoto hadi ya kulia, mwingine kati ya nguzo za nyuma ya milango, na mmoja kila upande kuunganisha nguzo ya mbele na ya nyuma. Hiyo ya pembeni ikae ndani vya kutosha ili mlango uendelee kufunguka na kufungwa. Seti ya pili ikae juu ya mstari wa juu, ndani ya paa lenyewe. Mhimili unaovuka eneo la kukata hauna kazi, maana utaukata pamoja na nguzo.

Kabla ya kuamua inchi 4, kaa kwenye kiti utakachotumia, si kiti cha muda, halafu bandika utepe wa karatasi kwenye kioo cha mbele kuonyesha kioo kitakapoishia. Mtu mrefu hujikuta anainama ili aone taa za barabarani. Kwa maoni yetu inchi 3 na nusu huipendeza kupe ya 1930 kuliko 4, kwa sababu dirisha la nyuma linabaki na umbo lake. Lakini jicho ni lako.

Mistari ya kukata ipite mahali nguzo iliponyooka, mbali na bawaba na kitasa. Nguzo ina tabaka mbili, ya nje na ya ndani. Usizikate kwa kimo kimoja: ya ndani ikate sentimita 3 hivi juu au chini ya ile ya nje, ili maungio mawili yasikutane na nguzo ibaki na nguvu. Tumia diski nyembamba ya milimita 1 au msumeno wa hewa, ukibakiza milimita 1 ya kumalizia kwa tupa. Anza na sehemu ya nyuma, nguzo za mbele ziwe za mwisho. Wakati huo uwe na watu wanne. Paa si zito, ila likiachiwa upande mmoja hujikunja pembeni.

Likishashushwa, lishike kwa klempu na upime mshazari: kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Tofauti ikizidi milimita 3, usichomelee. Dondosha timazi kutoka katikati ya paa uone kama inaangukia katikati ya bodi.

Hapo ndipo utakuta nguzo hazikutani sawasawa, na sababu ni hesabu tu. Nguzo iliyolala digrii 10 ukiitoa sentimita 10, ncha yake husogea karibu milimita 18. Nguzo za Model A zimesimama karibu wima, kwa hiyo tofauti yako itakuwa ndogo, na unaweza kuimaliza kwa kukata kabari nyembamba mguuni mwa nguzo na kuilaza kidogo. Kwenye magari ya baadaye kama Mercury ya 1949 nguzo zimelala sana, na paa lenyewe lazima likatwe katikati na kuongezwa urefu. Ndiyo maana tunamwambia kila anayejifunza aanze na Model A.

Kuchomelea: waya wa milimita 0.6, gesi ya argoni asilimia 75 na kabonidayoksaidi asilimia 25, bati likutane ncha kwa ncha bila kupandana. Bati lililopandana hushika maji katikati na kuoza. Gusa nukta moja, ruka hadi upande mwingine wa gari, gusa nyingine. Nukta za kwanza ziachane sentimita 3, kisha jaza katikati polepole. Bati likikushinda kushika kwa kiganja, simama mpaka lipoe lenyewe.

Milango kata mwisho, kwa kufuata uwazi uliopatikana, si kwa kufuata namba uliyoandika ukutani.

Nimeshakata paa la Model A yangu. Sasa bati la nyuma limefanya mawimbi kando ya mstari wa kuchomelea, na mlango wa dereva unagusa juu. Nijaze puti nimalize?
*Msomaji, Houston, Texas*

Hapana. Puti isizidi milimita 3. Zaidi ya hapo hupasuka gari likianza kutikisika. Mawimbi yako yametokana na joto. Mstari wa kuchomelea ukipoa hunywea kwa urefu wake, unavuta bati la jirani, na bati lililokosa pa kwenda linatuna. Dawa ni kurudisha urefu uliopotea. Saga uvimbe wa weldi mpaka ubaki kidogo sana juu ya bati, shikilia chuma kizito chenye uso laini upande wa ndani, kisha gonga juu ya weldi yenyewe kwa nyundo ya bodi, mapigo mepesi mengi. Usigonge kwenye mawimbi. Hayo yatalala yenyewe weldi ikirefuka. Weldi ya MIG ni ngumu kuliko ya TIG (njia nyingine ya kuchomelea, ambapo waya hulishwa kwa mkono) na hupasuka ukiitwanga kwa hasira, hivyo kagua kila mara kwa taa upande wa ndani.

Kuhusu mlango, pima kwanza mshazari wa uwazi wa mlango. Ukiwa umepinda, ongeza au ondoa shimu moja moja kwenye boliti za bodi karibu na nguzo hizo, ukitazama mwanya unavyobadilika. Uwazi ukiwa sawa, basi fremu ya juu ya mlango ndiyo iliyokatwa vibaya: ikate kwenye kona, isogeze, uchomelee upya. Usiusage ukingo wa mlango ili upite. Utaondoa mkunjo unaoshikilia bati la nje na la ndani pamoja.

Naona picha za magari haya mtandaoni na nayapenda, lakini sielewi kwa nini paa likatwe. Ni urembo tu?
*Msomaji, Mombasa*

Kwanza ilikuwa mbio. Vijana wa kusini mwa California walikimbiza magari kwenye maziwa yaliyokauka, Muroc na El Mirage, na mwaka 1937 vilabu vyao viliunda chama cha SCTA kusimamia mbio hizo. Paa likipungua, gari linakabili upepo kwa eneo dogo zaidi, na mwendo unaongezeka. Mwaka 1949 SCTA ilianza mbio kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Utah. Umbo lililozaliwa na mwendo likapendwa mitaani. Neno "jadi" hapa lina maana kali: vipuri na mtindo viwe vile ambavyo kijana wa wakati huo angevipata, hasa injini ya V8 ya Ford yenye valvu pembeni ya silinda iliyotoka 1932, ambayo wenyewe huiita flathedi.

Flathedi yangu ni 59A, toleo la miaka ya 1940. Maji yanachemka kila ninapokwama kwenye foleni. Nimeshabadilisha themostati zote mbili. Tatizo liko wapi?
*Msomaji, Phoenix, Arizona*

Injini hii huzaa joto jingi kwa jinsi ilivyoumbwa. Valvu ziko ndani ya bloku, na moshi wa moto unapita katikati ya bloku, kando ya maji, kabla ya kutoka nje. Silinda mbili za katikati kila upande zinatumia tundu moja la kutolea moshi. Kwa hiyo rejeta inabeba joto ambalo injini nyingine hulitupa moja kwa moja kwenye ekzosi.

Swali lako lina jibu ndani yake. Inayochemka kwenye foleni tu na kupoa barabara kuu imekosa hewa. Inayochemka kwa mwendo mkubwa tu ina shida ya mzunguko wa maji au taimingi iliyochelewa, yaani cheche za plagi hutoka zikiwa zimechelewa. Basi tazama feni. Ukiipachika 59A kwenye Model A, mara nyingi feni huangukia chini ya rejeta na kuvuta hewa kupitia nusu yake tu. Tengeneza kasha la bati linalofunika rejeta yote kwa nyuma, mabawa ya feni yakiingia nusu ndani ya tundu la kasha, na mwanya wa sentimita 2 na nusu kati ya ncha za mabawa na kasha. Pia kama grili na rejeta vilifupishwa kufuata paa, hapo umepoteza eneo la kupoza, na kwa joto la Arizona tungerudisha rejeta ndefu hata kama sura itabadilika kidogo.

Kisha fanya jaribio hili injini ikiwa baridi kabisa. Toa fenibelti ili pampu mbili za maji zisizunguke, jaza maji hadi shingoni, washa. Mapovu yakianza mapema, maji yakiwa bado baridi, moshi unaingia kwenye maji: ama gasketi ya hedi imekwisha, ama bloku ina ufa. Ufa wa flathedi hupenda kukaa kati ya kiti cha valvu na silinda. Bloku yoyote ya kununua ipimwe kwa sumaku na unga wa chuma, kisha kwa presha, kabla hujalipa fundi wa kuchonga silinda.

Pasipo mapovu, toa pampu na uchokoe njia za maji kwa waya, hasa chini na nyuma ya bloku. Hutoka tope la kutu, na mara nyingine mchanga wa kiwandani uliobaki tangu bloku ilipomiminwa. Ukirudisha hedi, pakaa dawa ya kuzuia maji kwenye nyuzi za stadi (boliti zisizo na kichwa zinazoshika hedi), kwa sababu matundu yake yanafika kwenye maji. Gasketi za 59A na za 8BA, injini ya 1949 hadi 1953, hazibadilishani. Matundu ya maji hayalingani.

Chesisi niliyonunua haina injini wala karatasi. Namba yake naipata wapi?
*Msomaji, Portland, Maine*

Model A ilipigwa namba ya injini, na namba hiyo hiyo ikapigwa juu ya reli ya kushoto ya chesisi, mahali panapofunikwa na bodi karibu na dashibodi. Safisha kutu kwa brashi ya waya na mafuta. Usiguse kwa grainda, maana herufi si za kina. Ipate kabla ya kukata au kuchomelea chochote hapo, kisha uende nayo ofisi ya usajili ya jimbo lako, maana taratibu hutofautiana.

Dada zangu na kaka zangu mafundi, je, breki za fimbo za Model A zinatosha kwa V8?
*Msomaji, Minneapolis, Minnesota*

Hazitoshi, dada yetu. Weka za mafuta za Ford ya 1939 hadi 1948, zenye dramu ya inchi 12. Ford ilianza kutumia breki za mafuta mwaka 1939, na hizi ndizo walizohamisha wajenzi wa awali.

Pampu kuu ya breki iwe ya vyumba viwili. Moja ya chumba kimoja ni ya jadi kweli, ila paipu moja ikipasuka unabaki bila breki magurudumu yote. Kwa kuwa pampu itakaa chini ya sakafu, chini kuliko silinda za magurudumu, mafuta hurudi nyuma na pedali huzama kila ukikanyaga mara ya kwanza. Weka valvu ya kubakiza presha ya pauni 10 kwa inchi ya mraba kwenye paipu ya mbele na ya nyuma, isipokuwa kama pampu yako tayari inayo ndani. Paipu ziwe za chuma, zenye ncha iliyokunjwa mara mbili. Shaba ya kawaida huchoka kwa mtikisiko na kupasuka.

Breki hizi hazijirekebishi zenyewe. Kila kiatu cha breki kina skrubu ya juu na pini ya chini, na zote mbili lazima zirekebishwe mpaka bitana (tabaka la msuguano la kiatu) iguse dramu kwa urefu wake wote. Wengi hugusa ya juu tu, kisha wanalalamika kwamba gari linavuta upande mmoja. Ukishafunga, kanyaga pedali kwa nguvu na uishikilie dakika nzima huku mtu akikagua kila ungio kwa karatasi kavu. Karatasi ikilowa, ungio hilo lifunguliwe na kukunjwa upya kabla gari halijatoka gerejini.