Vyama vingi 1992: wengi hawakuvitaka

Je, mfumo wa vyama vingi Tanzania uliletwa na matakwa ya wengi? Hapana. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa na Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1991, ilizunguka nchi nzima kukusanya maoni, na takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Waliotaka vyama vingi walikuwa kama asilimia 20 tu. Hata hivyo tume ilipendekeza mageuzi, CCM, chama pekee cha wakati huo, ikakubali, Katiba ikabadilishwa 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi tangu mageuzi hayo ukafanyika 1995.

Ila hiyo asilimia 80 isisomwe kijuujuu. Wengi wao walitaka chama kimoja kilichorekebishwa, si kile kile kilivyokuwa, na hilo ndilo lililoipa tume hoja ya kupendekeza mageuzi. Tena ile ilikuwa tume na mikutano ya kukusanya maoni, haikuwa kura ya maoni, kwa hiyo kisheria serikali haikufungwa na hesabu ile. Mwalimu Nyerere naye tangu 1990 alishaanza kusema hadharani kwamba suala la vyama vingi lijadiliwe bila woga, na neno lake lilikuwa na uzito mkubwa.

Mimi naona walifanya sawa. Haki ya mtu kuunda chama haipaswi kusubiri majirani zake wakubali. Kinachoniuma ni kwamba tume hiyo hiyo ilitaja sheria 40 kandamizi za kufutwa au kurekebishwa, na hapo kasi ikapotea.