Samaki wakivuliwa kupita kiasi, ndege watakula nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Kadutu, Bukavu. Kaka yangu anasema kwamba baharini ndege hufa njaa kwa sababu ya wavuvi. Je, ni kweli, na sisi wa Ziwa Kivu jambo hilo linatuhusu?

JIBU: Mama mpendwa, kaka yako amesema kweli. Nchini Peru, mwaka wa 1970, zilivuliwa zaidi ya tani milioni 12 za samaki wadogo wanaofanana na dagaa. Maji ya bahari yalipopata joto mwaka wa 1972, samaki hao, waliokwisha kupunguzwa mno na nyavu, walitoweka karibu wote, na ndege kama mnandi na mwari waliowategemea wakafa kwa wingi. Uingereza ilichukua hatua mwaka wa 2024: ilipiga marufuku uvuvi wa samaki wadogo wa mchangani katika sehemu yake ya Bahari ya Kaskazini, ili ndege wapate chakula. Mvuvi wa ndoana naye huumia, kwani samaki wakubwa anaowatafuta hula hao hao wadogo.

Sambaza wetu waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao hulisha watu na mdiria pia. Ninachokihofia zaidi ni nyavu za chandarua, ambazo hukomba hata vitoto vyeupe, vyembamba kama uzi, ambavyo havijawahi kutaga. Fungu la namna hiyo likiletwa mezani kwako, Mama, tafadhali likatae.