Intakula ya maji ilinishinda Kitonga

Foleni ya Kimara, Dar, ndiyo iliyonitia wazimu wa kubadilisha intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo kabla haijaingia kwenye injini. Nina Subaru Forester ya turbo, ile yenye tundu la hewa juu ya boneti, na intakula yake, inayopozwa na upepo, imelala juu ya injini kama chapati juu ya kikaango. Jioni unatambaa Ubungo hadi Mbezi, injini inaipikia intakula joto lake lote kutoka chini. Barabara ikifunguka unakanyaga mafuta, gari linaitika kwa uvivu kana kwamba limepakia saruji.

Turbo kazi yake ni kuisukumia injini hewa nyingi, na ikiikandamiza, hewa inapata moto. Chukua Dar mchana, nyuzi 32, turbo ikijaza presha ya bar 1: hewa inatoka upande wa pili ikiwa na nyuzi 120 na zaidi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo oksijeni inayoingia kwenye silinda ni kidogo, na petroli nayo inakuwa tayari kulipuka kabla ya wakati wake. Kompyuta ya gari ikisikia injini inagonga, inachelewesha cheche. Huo ndio uvivu wenyewe. Walioko Mbeya wasidhani baridi yao inawaokoa moja kwa moja: juu kule hewa ni nyepesi tangu mwanzo, hivyo turbo inayotaka kufikisha bar 1 ileile inafanya kazi kubwa zaidi, na inaichemsha hewa zaidi.

Fundi mmoja akanishauri nifunge intakula ya maji. Hoja yake ilikuwa ya kweli: lita moja ya maji inabeba joto mara elfu tatu na kitu kuliko lita moja ya hewa. Hewa ya turbo inapita kwenye kisanduku kidogo kilichozungukwa na maji, pampu ya umeme inayasukuma hadi rejeta ndogo nyuma ya bampa ya mbele, yanapoa, yanarudi. Mabomba ya hewa yanakuwa mafupi na turbo inaitika haraka. Nikanunua kifaa kilichotumika, pampu pamoja na rejeta yake, nikafunga.

Kabla ya kufunga nilifanya jambo moja la maana, nalo nakushauri ulifanye hata kama hubadilishi chochote: niliweka sensa ya joto kwenye bomba baada ya intakula. Usitegemee kusoma kwenye simu kwa kale kadude ka kuchomeka chini ya usukani. Kwenye Subaru nyingi sensa ya joto la hewa imo ndani ya ile ya kupima hewa karibu na filta, kabla ya turbo. Inakuonyesha hewa ya nje tu, nawe unajipongeza bure.

Wiki za kwanza nilikuwa mfalme. Intakula ya zamani ilikuwa inanipa nyuzi 60 na kitu baada ya foleni. Hii ya maji ilikaa kwenye 40 na kidogo. Nikikanyaga sekunde tano, sita, sensa haitikisiki. Nikawasimulia watu wote kijiweni.

Halafu nikasafiri kwenda Iringa.

Kitonga, ule mlima kabla ya kufika Iringa, unaijua: unapanda taratibu nyuma ya semitrela, upepo hakuna, gari liko gia ya pili, kisha unapata nafasi halali ya kupita, unakanyaga. Mbele kuna semitrela jingine. Unasubiri, unakanyaga tena. Nilipofika kati ya mlima sensa ilisoma 58, baadaye 66, na ikakataa kushuka.

Hesabu yake niliifanya baadaye nikiwa nimetulia. Injini ikivuta gramu 150 za hewa kwa sekunde, na intakula ikiipunguzia nyuzi 65, hilo ni joto la kilowati 10 hivi. Mfumo wangu ulikuwa na lita tano za maji. Rejeta ndogo isipopata upepo wa kutosha, maji hayo yanapanda karibu nusu nyuzi kila sekunde. Dakika moja ya kukanyaga, nyuzi 30. Maji hayajaliondoa joto, yamekukopesha muda tu, na deni linalipwa kwenye rejeta ya mbele. Intakula ya hewa haina mahali pa kuficha deni: inapata moto upesi, ila ukipata upepo inapoa upesi vilevile. Maji yangu yalibaki ya moto hadi karibu na Ilula.

Wakati wa kurudi ikawa mbaya zaidi. Pampu ilikufa. Hakuna taa iliyowaka, hakuna mlio. Gari la kawaida halijui kwamba umelifungia pampu ya pili. Nisingekuwa na ile sensa, ningekanyaga hivyohivyo hadi pistoni zilie.

Nilipofika nyumbani nilirudisha intakula ya zamani, na hapo ndipo nilipoona aibu yangu. Kuna mpira mnene unaoziba nafasi kati ya boneti na intakula, ili hewa ya tundu ipite katikati ya mapezi, yale mabati membamba ya kupozea. Wa kwangu haukuwepo. Sijui ulitoka lini. Hewa yote ilikuwa inakimbilia pembeni. Nikakata mpira mpya, nikaosha ndani ya intakula mafuta yaliyotapikwa na turbo, nikanyoosha mapezi yaliyolala. Siku hizi nikitoka foleni, nikishatembea dakika moja au mbili sensa inarudi chini kidogo ya nyuzi 50. Gharama haikufika hata bei ya ile pampu.

Niliwaza pia intakula kubwa ya mbele, ya hewa. Ni nzuri kwa anayesafiri sana. Lakini inakaa mbele ya rejeta na kondensa ya AC, nami Dar bila AC siwezi. Na hizi kubwa za bei chee zina mapezi yaliyobanana kiasi kwamba upepo wa rejeta unakufa hapo.

Sisemi maji ni mabaya. Golf nyingi za 1.4 TSI zina intakula ya maji ndani ya manifodi yenyewe, lile bomba la kuingizia hewa kwenye injini, kutoka kiwandani, na Subaru Legacy za turbo za mwanzo za Japani nazo zilikuwa na intakula ya maji. Ukiwa na gari la namna hiyo liache lilivyo, ila angalia kiwango cha maji. Yakipungua bila kuvuja chini, huenda yanaingia kwenye injini, na hilo si la kusubiri mwisho wa mwezi. Anayeshindana mbio fupi naye achukue ya maji: anajaza barafu kwenye tangi, anakimbia sekunde kumi na kitu, amemaliza.

Ukiamua kufunga mwenyewe, mzunguko wake usiuunganishe na maji ya injini. Yale yana nyuzi 90. Toa hewa yote kwenye mipira ya maji. Tumia maji yaliyosafishwa na dawa ya kuzuia kutu, maana kulanti nzito ya nchi za barafu inabeba joto kidogo kuliko maji, na Dar hakuna kitakachoganda. Pampu iwekee taa yake kwenye dashibodi.

Kile kifaa changu bado kiko stoo. Jamaa wa kijiweni ameshakiulizia mara mbili, na mara zote mbili nimemwambia aanze kwanza kufungua boneti atazame mpira.