Faili la ISO halinakiliwi kwenye flashi kama wimbo au picha

Mkuu, umesema umepakua Linux (mfumo endeshi kama Windows), ukanakili faili la ISO kwenye flashi, ukawasha kompyuta upya, nayo ikaipita flashi na kuingia Windows kama kawaida. Umeuliza pia uzihifadhi vipi CD zako za zamani kabla hazijafa. Kazi hizi nazifanya mara kwa mara, nakujibu yote mawili.

ISO ni diski nzima iliyowekwa ndani ya faili moja. Mafaili yamo, lakini umo pia mpangilio wa diski yenyewe, pamoja na kile kipande kinachoielekeza kompyuta pa kuanzia inapowaka. Ukiliburuta tu hadi kwenye flashi, kompyuta haioni diski pale, inaona faili. Fungua flashi yako sasa hivi: ukikuta faili moja linaloishia na .iso, ndilo tatizo lako. Ikiandikwa sawasawa, kwa kawaida utakuta folda kama boot na EFI.

Kabla hujaandika tena, hakiki ulichopakua. Hapa wengi wanaruka, nakuomba sana wewe usiruke. Faili linaweza kuonekana zima na ndani lina kasoro. Tovuti rasmi ya Linux uliyochagua inaweka msururu wa herufi na tarakimu 64 unaoitwa SHA-256, kama alama ya kidole ya faili. Kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) ndani ya folda lilimo faili, kisha andika:

certutil -hashfile linux.iso SHA256

(Badala ya linux.iso weka jina la faili lako. Kwenye Linux ni sha256sum linux.iso.) Linganisha utakachopata na msururu wa kwenye tovuti, mwanzo hadi mwisho. Ikitofautiana hata herufi moja, futa, pakua upya. Nimeshaona mtu akibadilisha flashi, akabadilisha programu, akafikia kuishuku RAM, kumbe faili lenyewe ndilo bovu.

Kuandika kwenye flashi, tumia programu ya Rufus kama uko Windows, au balenaEtcher popote ulipo. Zote zinafuta kila kilichomo, hivyo hamisha vitu vyako kwanza na uangalie mara mbili umechagua flashi ipi. Rufus ikikuuliza uandike kwa njia ya ISO au DD, anza na ISO. Ikigoma kuwaka ndipo ujaribu DD, inayonakili ISO kwenye flashi baiti kwa baiti. Ukishatumia DD, Windows inaweza kukuletea ujumbe kwamba diski inahitaji kuformatiwa. Usikubali! Flashi haina ubaya, ni Windows tu haiutambui mpangilio wake, na ukikubali unafuta kazi yote.

Kama unataka DVD, Windows 7 na zilizofuata zinachoma zenyewe: bofya kulia kwenye faili, chagua "Burn disc image", weka tiki ya kuhakiki baada ya kuchoma. Angalia ukubwa tu. DVD ya kawaida imeandikwa GB 4.7, lakini Windows inaihesabu kama 4.38, kwa hiyo ISO inayosomeka GB 4.5 kwenye Windows haiingii. Na ukitaka kuchungulia tu kilichomo, kuanzia Windows 8 bofya faili mara mbili, litajitokeza kama diski yenye herufi yake. Ukimaliza, Eject. Huhitaji kusakinisha kitu.

Sasa CD za zamani. Za data ni rahisi: programu ya ImgBurn inasoma CD na kukutengenezea ISO. Yenye mikwaruzo ipeleke Linux utumie programu ya ddrescue; inachukua kwanza sehemu zinazosomeka, kisha inarudia zile ngumu, na ukiiwekea faili la kumbukumbu unaweza kuisimamisha na kuendelea baadaye ilipoishia.

Za muziki usizitengenezee ISO. ISO inabeba sekta (vipande vidogo vya diski) za data za baiti 2048, wakati sekta ya CD ya muziki ina baiti 2352 na haina mafaili ndani yake. Hizo zihifadhi kwa jozi ya BIN na CUE. BIN ndiyo sauti yenyewe. CUE ni maandishi mafupi, unaweza kuyafungua kwa Notepad ukaona kila wimbo unaanzia dakika gani. Mawili hayo yakae folda moja, na ukibadilisha jina la BIN, fungua CUE urekebishe jina hilo kwenye mstari unaoanza na FILE, la sivyo programu ya kuchoma haitalipata.

Fanya hiyo ya certutil kwanza, kisha uweke hapa matokeo na aina ya kompyuta yako.